Chungu Kilichofukiwa Zizini Kwetu

Nikolaus Mazengo hakuwahi kunenepesha ng'ombe kwa makondo ya watoto wa watu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa bombani, kwenye mashine ya kusaga na, nimeambiwa, hata nje ya kanisa ibada ikimalizika. Wanasema mume wangu, katika miaka yote aliyofanya kazi hospitalini, alichukua makondo ya nyuma ya watoto waliozaliwa pale akayafukia katika zizi letu, ili ng'ombe wake wazae na watoto wa wenzake wadumae. Wana hata idadi. Wengine arobaini, wengine mia moja. Hakuna aliyehesabu, kwa sababu hakuna cha kuhesabu.

Kilichofukiwa zizini kwetu ni chungu kimoja. Nilikuwepo. Jembe nililishika mimi.

Kamati ya Hospitali ya Jamii ya Chilungule iliniomba niandike wasifu wa marehemu, ukurasa mmoja tu, usomwe siku ya kufungua wodi mpya ya wazazi. Wodi hiyo ilikwishakubaliwa tangu mwaka jana kwamba itaitwa kwa jina lake. Kisha maneno yakazidi, na kamati ikaja kunieleza kwamba jina limesimamishwa mpaka suala lipate ufafanuzi. Huu hapa ufafanuzi. Hautaenea katika ukurasa mmoja, na sijui kama yupo mwenye kifua cha kuusoma kwa sauti.

Nikolaus alizaliwa hapahapa Chilungule, mashariki ya Kongwa, katika tembe la baba yake, mwaka ambao uwele ulikauka kabla ya kutoa masuke. Alisoma hadi darasa la saba. Mimi nilisoma hadi chuo cha ualimu na nikafundisha historia sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Watu hapa hupenda kukumbushana tofauti hiyo kana kwamba ni siri waliyoigundua wao. Siku ya harusi yetu shangazi yangu alimuuliza mbele ya wageni kama angehitaji mke wake amwandikie jina.

"Shangazi, jina langu fupi," Nikolaus akamjibu. "Nikichoka kuliandika nitachora ng'ombe."

Alicheka yeye peke yake. Shangazi hakurudi tena nyumbani kwangu, na sikumfuata.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa josho. Kwa miaka kumi na miwili alisimama kando ya josho la kijiji akisukuma ng'ombe waingie kwenye dawa, akiwafunga vidonda, akiwachoma sindano walioumwa na kupe. Alijifunza kuchemsha sindano mpaka maji yatokote, na alijifunza kunyamaza. Mfugaji hapendi jirani ajue ng'ombe wake yupi mgonjwa. Nikolaus aliwajua wagonjwa wote wa kijiji kizima na hakumtaja hata mmoja, hata kwangu, hata chakula kikiwa mezani na mimi nikiwa nimeuliza mara mbili.

Josho lilipopasuka likaachwa bila kutengenezwa, alikaa nyumbani mwaka mmoja akilima. Ndipo kijiji kikaamua kujenga zahanati. Mwaka ulikuwa 2005. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa Kongwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mvua zikianza korongo lilikata njia, kwa hiyo mgonjwa alipelekwa mpaka korongoni, akarudishwa.

Saruji ilikuwa ya shida, lakini tulikuwa na sakafu. Wazungu wa ule mradi wa karanga wa enzi za ukoloni waliacha kwetu sakafu pana ya zege. Ghala lililokuwa juu yake lilikwishang'olewa mabati na mbao zamani, nadhani hakuna nyumba ya kijiji hiki ambayo haikupata hata msumari. Ikabaki sakafu, na wanawake wakaifanya uwanja wa kupuria uwele. Wanaume walipokubaliana zahanati isimame pale, Antonia alisimama kwenye mkutano. Alikuwa kiongozi wa akina mama wakati ule, na sauti yake mnaijua.

"Mkijenga hapo tutapuria wapi? Mtatibu nini humo ndani, njaa?"

Watu wakacheka. Nikolaus, ambaye hakuwa na cheo chochote, akainua mkono.

"Dada Antonia, nitakusakafia uwanja mwingine kwa udongo wa kichuguu."

"Wewe wa josho? Na sisi utatutumbukiza dawani?"

Walicheka tena, kwa muda mrefu zaidi. Alisakafia. Alikwenda na toroli kwenye vichuguu vya upande wa magharibi siku tisa mfululizo, akachanganya udongo na samadi, akausugua kwa jiwe mpaka ukang'aa. Antonia anapuria uwele juu ya uwanja huo hadi msimu huu.

Vyumba viwili vilijengwa kwa msaragambo, kila kaya ikitoa mtu wa kufanya kazi. Daftari la mahudhurio nililiandika mimi na bado ninalo, kwa hiyo ningewashauri baadhi ya waasisi wapunguze sauti wanapojitaja siku ya ufunguzi. Filipo, mwenyekiti wa kamati tuliyo nayo leo, alisomba mawe siku mbili. Siku ya tatu mgongo ulimuuma. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Zahanati ilipofunguliwa mwaka uliofuata, tuliletewa muuguzi mmoja, mkunga, jina lake Hana. Alikuwa Msandawe kutoka Chemba, mfupi, mkali, asiyependa kurudia neno. Alihitaji mhudumu wa kufagia, kuchota maji, kuchemsha vyombo na kushika taa. Waliosoma hawakutaka kazi ya ndoo. Nikolaus akaitaka. Akapelekwa kozi ya wiki sita, akarudi na viatu vya mpira vyeupe, na kijiji kikapata neno jipya: daktari wa ng'ombe.

Sasa niseme habari ya shimo, kwa sababu bila shimo hamtaelewa chungu.

Kwetu kondo la nyuma halitupwi. Wazee wetu walilifukia nyumbani, katika sakafu ya tembe upande wa baba au katika zizi, na mtoto akawa ameshikwa na mahali pake. Mimi ni mwalimu na ni Mkristo, na sina haja ya kumweleza mtu ninaamini nini. Nasema tu ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo. Zahanati ilikuja na shimo. Makondo yote, ya ukoo huu na ukoo ule, wanaosemezana na wasiosemezana, yalitumbukizwa pamoja. Hilo lilitosha kuwachukiza wazee. Lakini pale kwenye sakafu ya Wazungu ardhi ni mwamba, na waliochimba shimo walifika usawa wa kiuno wakasema limetosha. Mwezi wa tatu tangu zahanati ifunguliwe, fisi akalifukua. Wanawake waliokwenda kuchota maji alfajiri wakaona alichoacha.

Kuanzia siku hiyo hakuna mwanamke aliyejifungulia pale. Miezi kumi na mmoja kitanda cha kujifungulia kilikaa kikipanguswa vumbi. Walikuja kupima malaria, walikuja kuchanja watoto, lakini uchungu ukianza walibaki nyumbani.

Mke wa Joel, kijana aliyekuwa akifyatua matofali upande wa korongo, alijifungua nyumbani, karibu kiasi cha kusikia kengele ya chanjo ikigongwa zahanati. Damu haikukatika. Joel alipomleta kwa mkokoteni mchana ule, Hana alimshika mgonjwa mkono mlangoni, akauweka chini polepole. Mtoto alipona. Mama hakupona. Nikolaus aliuosha mkokoteni wa Joel kwa maji ya kisima ambayo yangetutosha siku mbili, kisha akamfuata mama mkwe aliyekuwa amekaa chini ukutani.

"Mama, mbona hamkumleta mapema?"

"Nimlete kwa fisi?" yule bibi alimjibu. "Nenda, baba. Nenda kaoshe vyombo vyako."

Alirudi nyumbani hakula. Kesho yake alimwambia Hana jambo ambalo najua kwa maneno yake, kwa sababu Hana mwenyewe alinihadithia mara nyingi.

"Dada Hana, kila mama aje na chungu chake. Kondo liwekwe humo, lifunikwe, lizibwe kwa udongo. Mimi nitalipeleka kwao."

"Mimi nimefundishwa shimo."

"Shimo lako limeua."

Hana alimfukuza chumbani. Baada ya siku tatu akamwita, akampa masharti: chungu kiwe na mfuniko, mikono ioshwe mbele yake, kisikae zahanati zaidi ya saa sita, na kikifika kifukiwe usawa wa bega la mtu mzima, siyo kiuno. Nikolaus akakubali yote. Akaenda nyumba kwa nyumba akieleza. Wengi hawakumkaribisha kiti. Wazee waliuliza swali moja: tutajuaje kwamba kilicho chunguni ni chetu? Mimi nilimshauri aandike karatasi na kuibandika. Akasema karatasi haisemi na mzee asiyejua kusoma. Ndipo ikaamuliwa kwamba kila mama atachana kipande cha pindo la kanga aliyokuja nayo, na kipande hicho ndicho kitakachofunga mfuniko. Nyumbani watakiona wakijue. Kanga ya mke wa mwanao unaijua.

Akaanza kubeba vyungu kwa baiskeli, nyuma, ndani ya kapu lililotandikwa nyasi. Walimwita posta. Wanaume waliokaa kwenye vibaraza walimwambia, "Posta, na yangu imefika?" Naye aliwajibu, "Yako ilifika zamani, ndiyo maana umekaa." Hakuwahi kukasirika. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na bado.

Mwaka ule wa kwanza wa vyungu walijifungua wanawake kumi na tisa. Mwaka uliofuata mia na kidogo. Walianza kuja kutoka vijiji vya mbali, wakiwa wamebeba vyungu kichwani kabla ya kubeba nguo. Vyumba viwili havikutosha, vikaongezwa vinne. Kwa sababu wazazi walikuwa wengi tukaletewa mkunga wa pili, kisha sola, kisha gari. Tukawa kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, na mwaka 2021 tukawa hospitali. Viongozi waliokuja kukata utepe walisema ni matunda ya ushirikiano wa wadau. Nikolaus alikuwa nyuma akishika ndoo ya maji ya kunawa. Hilo nalo sikulisahau.

Sasa chungu.

Ilikuwa wiki ya Pasaka mwaka 2008. Umoja wa Akina Mama wa kanisa letu ulikuwa umenunua sare, kanga za aina moja, samawati zenye pindo la njano. Aliyezichagua ni mimi, katibu wa umoja. Nilisisitiza wote wazivae, na aliyesita nilimwambia maneno. Zilikuwa na nailoni nyingi lakini zilipendeza. Hakuna hata mmoja wetu, wala mimi niliyesoma, aliyefikiria vyungu.

Asubuhi moja walijifungua wawili, wakipishana chini ya saa moja. Wote walikuwa wa umoja. Wote walikuja na kanga mpya ya sare. Wote walichana pindo la njano. Vyungu vyao vilitoka kwa mfinyanzi mmoja.

Nitawaita wazee wa familia hizo mzee wa kwanza na mzee wa pili. Walikuwa hawajasemezana miaka sita kwa ajili ya ng'ombe walioingia shambani, na kwa maneno yaliyosemwa baada ya ng'ombe. Nikolaus alichukua chungu kimoja akakipeleka kwa mzee wa kwanza. Mzee akaona pindo la njano, akaridhika, akafukia palepale, ndani ya nyumba. Nikolaus aliporudi kuchukua cha pili, Hana alikuwa amekitazama.

"Hiki kimemeguka mdomo," Hana alisema. "Kilichomeguka mdomo ni cha mama wa nyumba uliyotoka. Wewe umepeleka kipi?"

Mume wangu angeweza kunyamaza. Naomba hao wanaosema kuhusu ng'ombe walifikirie hilo. Hakuna ambaye angejua. Hana angekubali, alikwishachoka na wazee wa hapa. Nikolaus alipanda baiskeli akarudi kwa mzee wa kwanza, akamwambia: "Baba, nimekosea. Ulichofukia si chako, ni cha mjukuu wa fulani."

Yule mzee alipatazama pale alipofukia. Kisha akasema kilichofukiwa hakifukuliwi, kukifukua ni kumwita mtoto arudi alikotoka. Na hicho cha pili, ambacho ndicho chake hasa, hakitaingia nyumba yenye kingine. Watoto wawili hawashikwi na sakafu moja.

"Nikipeleke wapi, baba?"

"Unakojua wewe uliyekikosea."

Akakiweka chungu nyumbani kwetu, kisha akaenda kwa mzee wa pili. Huyu alikuwa mkali zaidi. Alisimama na fimbo mkononi, akauliza kama ni kweli damu ya mwanawe imelala chini ya mguu wa adui yake. Nikolaus akasema ni kweli. Akauliza kama anatarajiwa apokee ya adui ailaze kwake. Nikolaus akasema hatarajiwi chochote, amekuja tu kusema ukweli. Mzee akaishusha fimbo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mkunga. Na mke wangu atajua leo, maana chungu kiko nyumbani kwangu."

"Mke wako mwalimu. Ana mdomo?"

"Anao. Lakini ana kufuli pia."

Hayo aliniambia mwenyewe, na sijapata kusifiwa sifa niliyoipenda kuliko hiyo.

Nikolaus aliwaomba wote wawili kifukiwe zizini kwetu, na saa sita mchana, watu wakiwa mashambani wanapalilia, wazee wale wawili walikuja kwetu, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja alisalimu "Mbukwenyi" kwenye lango la zizi, na mwenzake, baada ya miaka sita, akaitika. Nilichimba mimi, Nikolaus akiwa amekishika chungu. Nilifika usawa wa bega kama Hana alivyoagiza. Chungu kikashushwa kikiwa na pindo lake la njano. Kila mzee akatupa konzi ya samadi. Mzee wa pili akasema mtoto huyu sasa ana zizi lisilo na ugomvi, na itoshe. Wakaapa, wote wawili, kutowaambia hata wake zao. Wakaniapisha na mimi. Nikolaus hakuapishwa. Walisema huyo hana haja, alikuwa mtu wa josho.

Hakukosea tena. Kuanzia siku ile alibeba daftari, na pindo lilifungwa pamoja na ushanga ambao mama alichagua mwenyewe. Alibeba hivyo miaka kumi na minne mingine. Alikufa mwaka 2022, kwa figo, katika hospitali hiyohiyo, kwenye kimoja cha vitanda alivyokuwa akivipangusa vumbi. Wazee wale wawili walikwishamtangulia. Walikuwa wakisalimiana mpaka mwisho, na hakuna aliyejua kwa nini.

Ng'ombe wetu, kwa wanaotaka kujua, ni wa mahari ya binti zangu wawili na ndama waliozaliwa nao. Sitazungumzia tena ng'ombe.

Kiangazi kilichopita niliwaruhusu majirani wachote samadi zizini, bure, kwa sababu mimi peke yangu siwezi kuimaliza. Kwa miaka mingi korongo limekuwa likila upande ule wa zizi, na mvua kubwa za mwaka juzi zilimega kina chote cha juu. Antonia alikuja na mkokoteni wake. Jembe lake likagonga chungu. Akainama, akavuta, akatoka na kipande cha kanga ya njano ambacho nailoni yake ilikataa kuoza. Aliijua sare ile mara moja. Sote tungeijua.

"Mwalimu," alisema, "hii ya nani?"

"Irudishe, dada Antonia. Ufunike."

"Nakuuliza ya nani. Hii ni ya mjukuu wa mtu."

"Ndiyo. Ni ya mjukuu wa mtu. Ufunike."

Alifunika. Kisha akaenda bombani. Jioni kimoja kilikuwa kumi, kufikia Jumapili kilikuwa arobaini. Waliozaa miaka ile wakaanza kuwatazama watoto wao kwa jicho lingine: huyu aliyefeli, yule anayekohoa, huyu asiyetulia nyumbani. Lawama zote zikapata mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni kaburi la mume wangu.

Wiki tatu zilizopita Filipo alikuja. Nilimfundisha kidato cha pili, kwa hiyo alianza vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mmekuja watatu? Nimeshtakiwa?"

"Hapana, Mwalimu. Tumekuja kwa heshima." Alikuwa na Sila, balozi wetu wa nyumba kumi, na Gladness, katibu wa kamati, aliyeshika kalamu tangu mlangoni. Niliwapa viti. Chai sikuwapa.

Niliwaeleza yote niliyoyaeleza hapa, kasoro majina. Walisikiliza. Gladness aliacha kuandika katikati akawa anatazama chini. Nilipomaliza, Sila alikohoa, akasema wazee wameketi na wanaona jambo linaweza kusafishwa. Familia hizo mbili zitajwe, kondoo mweusi achinjwe, watoto hao waitwe waoneshwe mahali pao, na wananchi watatulia.

"Majina mawili tu, Mwalimu," Filipo akasema. "Ukiyataja leo, kesho jina la Mzee linapanda ukutani. Fundi wa rangi yupo, herufi ameshapima."

"Na nisipotaja?"

"Wananchi hawataingia wodi yenye jina lile. Unawajua."

"Nawajua. Waliingia vyumba vyake miaka kumi na sita bila kuuliza jina."

"Mwalimu, wazee wenyewe wamefariki. Kiapo kinamfunga nani?"

"Kinanifunga mimi. Mimi sijafariki."

Filipo akasema wamempigia simu Hana, ambaye amestaafu yuko kwao Chemba. Hana aliwauliza kama bado shimo lina kina cha kiuno, kisha akakata simu. Ilibidi nigeuze uso nisicheke mbele yao.

Sitadanganya kwamba haikuniuma. Nilikuwa nimekwisha kwenda kuutazama ukuta ule. Nilisimama chini ya mlango wa wodi nikapima kwa macho pale ambapo jina lingekaa, juu ya vitanda thelathini, mtu wa darasa la saba, mtu wa ndoo. Nilikuwa nimeshamwambia shangazi yangu, moyoni, kwani alikufa zamani. Nilitaka jina lile kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu Nikolaus afe, na Filipo alijua, ndiyo maana alilitaja mara tatu.

Usiku huo mwanangu Noeli alinipigia kutoka Chang'ombe, Dodoma mjini, ambako ana duka. Maneno yalikwishamfikia.

"Mama, taja tu yaishe. Ni majina ya watu waliokufa."

"Ni majina ya watoto wawili wa miaka kumi na saba."

"Wataelewa."

"Noeli, wewe ukiambiwa leo kwamba baba yako alikulaza kwa adui yake, na kijiji kizima kimekuja na kondoo kukutazama, utaelewa?"

Akasema jina la baba lingekuwa kumbukumbu. Nikamwambia baba yake alikuwa na jina moja tu la thamani, nalo ni kwamba hakumtaja mgonjwa wa mtu. Nikilibadilisha kwa herufi za rangi, ukutani atakuwa ameandikwa nani?

Kwa hiyo nimeandika. Nimesema kosa lilipotokea, na sehemu yake iliyo yangu, kwa maana sare ile niliichagua mimi. Nimesema chungu kiko wapi na kiko kimoja. Anayetaka kuhesabu aje na jembe mchana, nitamsimamia, kisha atafukia kwa mkono wake usawa wa bega. Wale wanaocheka bombani nawashauri wafagie sakafu za nyumba zao kwa adabu, kwa kuwa hawajui wazee wao waliwaachia nini chini.

Msikisie. Msiwatazame watoto. Sitasema kama ni wa kike au wa kiume, kama wako shule au wamehama, kama wanajuana. Hata ukinitajia jina lisilo lao sitakanusha, kwa hiyo usinitajie.

Fundi wa rangi amenipigia jana kuuliza kama aandike au asiandike, maana rangi inakaukia mkebeni. Nimemwambia amuulize Filipo. Waandike wakitaka. Wasipotaka, wauache ukuta mtupu, na wanawake waendelee kuja na vyungu vyao kama wanavyokuja hadi leo, kila kimoja na pindo lake na ushanga wake.

Majina yale mawili nayajua. Siyasemi.